Kuchagua bodi ya majaribio kwa ECU ya gari unayojitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

ECU ni kompyuta inayoamuru mafuta na cheche za injini, na bodi ya majaribio ni bodi iliyo tayari yenye chipu ya kuiendeshea programu hiyo. Majibu haya yanahusu injini ya petroli ya silinda 4 au pungufu, yenye nozeli zinazomwaga mafuta kwenye manifoldi na umeme wa volti 12. Injini inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda huendesha nozeli zake kwa volti zinazokaribia 65, na bodi zinazotajwa hapa hazitoshi kwa kazi hiyo.

Nianze na bodi gani?

Chagua programu kwanza, bodi iifuate. Wengi hununua bodi yenye sifa kubwa, kisha wanagundua hakuna programu ya injini iliyowahi kupimwa juu yake, na miezi inaishia kwenye kuandika upya kitu ambacho tayari kipo.

Kama hii ni ECU yako ya kwanza, Arduino Mega 2560 bado ni mwanzo mzuri. Chipu yake, ATmega2560, ni ya biti 8 na inakwenda kwa megahazi 16 tu. Lakini ina taima 4 za biti 16, pini 16 za analogi, na inatumia volti 5, ambazo ndizo volti za sensa nyingi za gari. Mradi huria wa Speeduino ulianzia kwenye bodi hii, na unatoa chaneli 4 za nozeli na 4 za moto wa plagi.

Ukihitaji CAN (njia ya waya mbili ya mawasiliano kati ya vifaa vya gari) ndani ya chipu, silinda zaidi ya 4, au injini yako inazunguka sana na gurudumu lake la kranki lina meno mengi, nenda kwenye bodi yenye chipu ya STM32F407 au kwenye Teensy 4.1. Mradi wa rusEFI unatumia familia ya STM32. Speeduino na rusEFI zote huzungumza na TunerStudio, programu ya laptopu, kwa hiyo skrini ya kutyuni ramani za mafuta na moto huhitaji kuiandika mwenyewe.

Si bora nichukue chipu yenye megahazi nyingi zaidi?

Hesabu muda kwanza. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki inazunguka mara 100 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 10, na nyuzi 1 ya kranki inapita kwa mikrosekunde 27.8. Gurudumu la 36-1, yaani nafasi 36 zenye jino moja lililoondolewa, linaleta jino kila mikrosekunde 278. Kwa chipu ya megahazi 16, hizo ni hatua 4,400 na ushee kati ya jino na jino. Zinatosha kabisa kwa programu iliyoandikwa kwa uangalifu.

Sasa weka gurudumu la 60-2 na upandishe injini hadi 8,000. Jino linakuja kila mikrosekunde 125, hatua 2,000 tu, na ndani yake chipu inatakiwa isome sensa, ikokotoe mafuta, ipange cheche na ijibu laptopu. Hapo Mega inaanza kuhema.

Hata hivyo kinachoamua zaidi ni taima. Cheche haipigwi na programu inayokaa ikisubiri, inapigwa na taima iliyokwisha kupangiwa wakati wake. Kila nozeli na kila koili inahitaji chaneli yake ya taima. Mega ina chaneli 12 kwenye taima zake 4 za biti 16, ndiyo maana nozeli 4 na koili 4 zinaenea.

Angalia pia upana wa taima. Taima ya biti 16 inayohesabu kila mikrosekunde 4 hujaa baada ya milisekunde 262. Starta ikizungusha injini kwa mizunguko 200 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 300. Programu isiyohesabu taima imejaa mara ngapi itapata kasi ya uongo wakati wa kuwasha tu, na zaidi betri ikiwa imechoka: injini inapigwa starta, haishiki, wakati kwenye meza kila kitu kilikuwa sawa. STM32F407 ina taima mbili za biti 32, TIM2 na TIM5, na kwa hizo tatizo hili linakwisha.

Nihesabuje pini?

Kwa silinda 4 za kawaida: kranki 1, kamshafti 1, analogi 6 (shinikizo la manifoldi, throto, joto la maji, joto la hewa, sensa ya oksijeni, volti za betri), nozeli 4, koili 4, pampu ya mafuta, feni, vali ya hewa ya mzunguko wa chini na mita ya mizunguko, 4. Jumla ni 20. CAN inakula 2 na mawasiliano ya laptopu 2. Ongeza robo ya akiba, kwa sababu baada ya wiki mbili utataka sensa ya kugonga au ya shinikizo la oili.

Usiamini idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya chipu. Kwenye bodi ya STM32F4DISCOVERY, PA5, PA6 na PA7 zimekwisha unganishwa na sensa ya mtikisiko iliyopo hapo hapo. Kwenye Nucleo, bodi nyingine ya STM32, yenye soketi ya mtandao, baadhi ya pini nzuri zimechukuliwa na mtandao huo. Fungua mchoro wa bodi yenyewe, uweke alama pini moja moja kabla ya kununua.

Volti 5 au volti 3.3, kuna tofauti gani kwangu?

Sensa ya throto na ya shinikizo hutoa kati ya volti 0 na 5. Mega inazipokea moja kwa moja. Teensy 4.1 na ESP32 ni za volti 3.3, na pini zake hazivumilii volti 5 hata kidogo. Kwenye STM32F407 pini nyingi huvumilia volti 5 zikiwa za kidijitali, lakini si zikiwa kwenye hali ya analogi. Hapa ndipo wengi huchoma chipu, maana wamesoma neno "huvumilia" wakaishia hapo.

Gawanya volti kwa rezista mbili: kiloomu 6.8 juu, kiloomu 10 chini. Volti 5 zinakuwa 2.98, na inabaki nafasi ya kuona sensa iliyoshoti. Weka kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na rezista ya chini, karibu na pini ya chipu. Usitumie kiloomu 10 na 20 kwa sababu tu zipo kwenye kisanduku. Zinatoa volti 3.33, yaani juu ya kikomo.

Kitu kingine: throto na sensa za joto hutoa volti kwa uwiano wa umeme unaozilisha. Umeme huo ukishuka kutoka 5.0 hadi 4.8 na kipimo cha ADC (sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba) kikabaki pale pale, kila namba inapotoka kwa asilimia 4. Kwenye Mega sensa na ADC hutumia volti 5 zile zile, hivyo kosa linajifuta. Kwenye bodi ya volti 3.3 tumia pini moja ya analogi kupima hizo volti 5 za sensa, kisha programu irekebishe.

Vipi kuhusu Blue Pill, Black Pill, ESP32, Uno au Raspberry Pi?

Uno ina kilobaiti 2 za RAM na taima moja tu ya biti 16. Itumie kama kifaa cha kuigiza meno ya kranki kwenye meza.

Blue Pill, yenye STM32F103C8, inashawishi kwa udogo wake, lakini ndani ya chipu hiyo USB na CAN hushiriki kumbukumbu moja, kwa hiyo huwezi kutumia zote mbili kwa pamoja. Pia chipu za kuiga zimejaa kwenye bodi hizi. Black Pill yenye STM32F411 ni nzuri na ina kasi, ila haina CAN kabisa.

ESP32 ina nguvu ya kutosha ya kukokotoa. Shida yake ni kwamba ADC yake haiko sawia kwenye ncha zote mbili, nusu ya pini za analogi (zile za ADC2) hazisomeki Wi-Fi ikiwa kazini, na kuandika kwenye flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) kunasimamisha msimbo ambao haukuwekwa kwenye RAM. Itumie kuonyesha data kwenye simu. Cheche usiiachie.

Raspberry Pi haina ADC, na Linux haikupi ahadi ya mikrosekunde. Ni ya dashibodi.

Nina Nucleo. Nikate ile sehemu ya ST-Link (ya kupakia programu) ili bodi iwe ndogo?

Angalia saa kwanza. Kwenye Nucleo-64 nyingi, chipu kuu inapokea megahazi 8 kutoka kwenye ST-Link, na nafasi ya kristali iko wazi. Ukiikata, programu iliyotegemea saa hiyo haiamki, au inaangukia kwenye saa ya ndani ambayo si sahihi vya kutosha kwa CAN. Lehemu kristali na kapasita zake kabla ya kukata.

Sensa ya kranki naiunganisha moja kwa moja?

Sensa ya Hall, ndiyo, ikiwa na rezista ya kuvuta juu, kwa kawaida kiloomu 1 hadi 4.7. Ivute kwenye volti za chipu yako, si lazima kwenye volti 5 zinazoilisha sensa.

Sensa ya sumaku yenye waya mbili, hapana. Inatoa wimbi linalopanda na kushuka chini ya sifuri, dogo kabisa wakati wa starta na makumi ya volti injini ikikimbia. Inahitaji chipu ya kuisafisha kama MAX9926, ambayo ina chaneli mbili, kranki na kamshafti. Ukigeuza waya zake mbili, injini itawaka, lakini alama ya jino inahamia upande usio sahihi wa jino na taimingi inasogea kadiri mizunguko inavyopanda. Kwenye osiloskopu, wimbi linatakiwa likate sifuri likishuka katikati ya jino. Likikata sifuri likishuka kwenye pengo la jino lililoondolewa, geuza waya.

Nozeli na koili zinahitaji nini kati yao na bodi?

Pini ya chipu inabeba miliampea chache. Nozeli ya omu 12 inavuta zaidi ya ampea 1 kwa volti 14. Ile ya omu 2.5 ingevuta ampea 5.6, na hiyo inahitaji sakiti ya kupunguza mkondo baada ya kufunguka au rezista kubwa mfululizo nayo. Ukiweza, chagua nozeli za omu 12 hadi 16 ujiepushie kazi.

Chagua mosfeti (transista inayotumika kama swichi) inayofunguka kwa volti za mantiki. IRFZ44N imepimwa kwa volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kuiamuru. Ukiipa 5 inafunguka nusu, inapata moto, nozeli inachelewa. STP62NS04Z ina kikata volti ndani yake cha volti 33, na hilo ni muhimu: dayodi ya kawaida ukiiweka sambamba na nozeli huifanya ichelewe kufunga, na kwenye mzunguko wa chini, ambapo mafuta halisi yanamwagwa kwa milisekunde 1.5 hivi, kuchelewa kwa milisekunde 0.1 ni karibu asilimia 7 ya mafuta.

Bodi ya volti 3.3 iongezee chipu ya 74HCT244 inayolishwa volti 5. Inatambua volti 3.3 na kutoa 5 kamili kwa mosfeti na kwa koili zenye draiva ndani. Herufi T kwenye HCT ndiyo inayofanya kazi hiyo. 74HC ya kawaida haitabiriki hapo.

Kwa nini koili inapata moto hata kabla sijapiga starta?

Kati ya kuwashwa kwa umeme na programu kuamka, pini za chipu zinaelea. Geti inayoelea inaweza kuifungua mosfeti. Nozeli inamwaga petroli kwenye manifoldi injini ikiwa kimya, na koili inachajiwa mfululizo. Koili imeundwa kuchajiwa kwa milisekunde 3 hivi. Sekunde chache zinaiunguza, na programu ikiamka na kuikata, inapiga cheche popote pistoni ilipo.

Weka rezista ya kiloomu 10 kutoka kila geti na kila pembejeo ya koili kwenda erthi. Umeme wa nozeli na koili upite kwenye rilei inayofungwa na ECU yenyewe baada ya kuamka. Usitumie pini 13 ya Mega kwa koili, kwani programu ya kuamshia huiwasha na kuizima. ESP32 nayo ina pini zinazobadilika zenyewe wakati wa kuamka.

Naweza kuilisha bodi moja kwa moja kutoka kwenye betri?

Hapana. Pini ya VIN ya Mega inashauriwa kupewa volti 7 hadi 12, na gari linalochaji liko kwenye 14 na zaidi. Wakati wa starta volti hushuka hadi 6 au chini yake, na waya wa betri ukikatika alteneta ikichaji, volti zinaweza kuruka hadi karibu 100.

Mpangilio unaofanya kazi: fyuzi ya ampea 2, dayodi ya kuzuia betri kugeuzwa, dayodi ya TVS (ya kukata mruko wa volti), kisha LM2940 ya volti 5. Hiyo inahitaji nusu volti tu juu ya volti inayotoa, ambapo 7805 inahitaji 2 na itaiangusha bodi kila unapopiga starta. LM2940 inataka kapasita ya angalau mikrofaradi 22 kwenye towe, la sivyo inatetemeka. Upande wa kuingia weka mikrofaradi 470 au zaidi baada ya dayodi, ili bodi ivuke mporomoko mfupi.

Erthi za sensa zirudi kwenye bodi ya ECU, si kwenye chuma cha gari. Erthi za mosfeti na koili ziende kwenye injini kwa waya nene. Zikichanganywa, kila cheche inapandisha usomaji wa joto la maji.

Injini inazima nikichomeka laptopu. Kwa nini?

Kwenye Arduino, kufungua mawasiliano ya USB hutuma ishara inayoianzisha chipu upya. Ni nzuri kwa kupakia programu, ni mbaya injini ikikimbia. Kata njia iliyoandikwa RESET-EN kwenye bodi, au weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na erthi, uitoe unapopakia programu mpya.

Kama USB inakatika ovyo huku injini ikiendelea, hiyo ni kelele ya moto wa plagi. Tumia plagi na waya zenye rezista, kebo fupi, na laptopu iwe kwenye betri yake bila chaja.

Na inamisi au kuzima kila nikihifadhi ramani?

Kwenye STM32F407, kufuta sekta kubwa ya flashi kunaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi, na msimbo unaokimbia kutoka flashi hiyo hiyo unasimama. Hifadhi injini ikiwa imezimwa, au chagua chipu yenye benki mbili za flashi. EEPROM ya Mega haisimamishi chipu. Baiti moja inachukua milisekunde 3.3 na kazi nyingine zinaendelea.

CAN haifanyi kazi. Nikague nini?

Zima umeme, upime omu kati ya CAN H na CAN L. Omu 60 ni sawa. 120 ina maana rezista moja ya mwisho haipo, 40 kuna ya tatu iliyozidi. Kisha hakikisha una transiva: chipu peke yake haiendeshi waya hizo. SN65HVD230 ni ya volti 3.3, MCP2551 ya volti 5.

Bredibodi na waya za kuchomeka zinafaa garini?

Mezani tu. Mtikisiko hulegeza pini, na waya wa kranki ukikatika kwa milisekunde 1 programu inapoteza hesabu ya meno. Kwa gari, lehemu kwenye bodi ya matundu, tumia soketi zenye kufuli, na ufunge bodi chini ya dashibodi. Bodi nyingi za majaribio zina vipuri vya kuishia nyuzi joto 85, na karibu na injini joto hilo linapitwa.

Naweza kuendesha throto ya umeme kwa bodi hii?

Usianze nayo. Throto ya umeme inataka sensa mbili za pedali na mbili za throto zinazolinganishwa muda wote, na njia ya pili ya kukata mota isiyotegemea programu ile ile. Throto ya kebo hurudishwa na springi hata bodi ikifa. Jenga ya kwanza kwenye gari la kebo.

Nipimeje kabla ya kufunga garini?

1. Uno yenye programu ya Ardu-Stim itoe meno ya gurudumu lako, kutoka mizunguko 200 hadi kikomo cha injini. Hesabu ya meno isipotee hata mara moja kwa dakika 30.
2. Weka LED na rezista ya kiloomu 1 kwenye kila towe. Kwa kichanganuzi cha mantiki pima muda wa kuchaji koili na nafasi ya cheche dhidi ya jino.
3. Washa na uzime umeme mara 20 huku ukitazama towe za koili kwenye osiloskopu. Mruko wowote ni kosa la kutafutwa.
4. Shusha umeme hadi volti 6, pandisha hadi 15.
5. Unganisha koili na plagi halisi zilizogusishwa erthi, mbali na petroli. Kelele nyingi zisizoonekana kwa LED hujitokeza hapa.
6. Garini, toa fyuzi ya pampu na uzime nozeli, piga starta na usome mizunguko. Funga taimingi kwenye nyuzi 10 na uthibitishe kwa taa ya taimingi. Injini ikishawaka, pandisha hadi 3,000: alama ikisogea wakati programu inasema 10, usitafute kosa kwenye ramani, rudi kwenye waya za sensa ya kranki.